Gasketi ya Shaba

Watu wa Kitengela wakiniuliza nilijifunza wapi kuunda injini ya turbo na shule niliacha darasa la nne, mimi huwaambia ukweli: sikujifunza. Nilitaka kaburi la mke wangu libaki mahali lilipo, na mwenye kusema libaki ama litoke alikuwa na gari.

Hiyo ploti nilipewa miaka ya tisini, wakati Kitengela ilikuwa nyasi, pundamilia na maduka machache kando ya barabara ya Namanga. Kamati fulani ilikuwa inagawia watu. Nikasimama kwa foleni kama wengine, nikapewa barua yenye muhuri, nikaweka mabati, nikachimba shimo la kuingilia chini ya magari, gereji ikaanza. Mke wangu Kavata akajenga kibanda hapo mbele, akawa anawauzia madereva wa malori ya simiti isyo, yale mahindi na maharagwe yetu sisi Wakamba. Watu walikuwa wanaharibikiwa na gari makusudi saa ya chakula, nawaambia.

Kavata alienda wakati wa mvua ya El Nino. Maji hayakumsomba, ni kifua. Zahanati tuliyokimbilia ilikuwa na kabati la dawa lenye kufuli kubwa na ndani hamna kitu. Gari la wagonjwa lilikuwa nyuma ya jengo, limekaa juu ya mawe, magurudumu hayako. Nilipoinua boneti nikaona buibui amejenga kwa kabureta. Lakini mafuta ya gari hilo, kwa karatasi, yalikuwa yananunuliwa kila mwezi. Mtu fulani alikuwa anayanywa. Mke wangu alikufa kwa benchi la nje, kichwa chake kwa mapaja yangu, na mvua inapiga bati hata sikusikia akiniaga.

Nilitaka kumpeleka kwetu Mwala. Barabara ilikuwa imekatika, malori yamezama matopeni kama ng'ombe wagonjwa, na kaka zangu wakatuma neno kwamba mzike huko huko, Mungu ni mmoja. Kwetu mtu hazikwi kwa ploti ya gereji. Lakini ningefanya nini? Nikamzika kwenye kona ya nyuma, nikapanga mawe, nikamwaga simiti.

Sasa mwaka wa 2003, serikali mpya bado inanuka rangi na watu wanaimba kwamba mambo yamebadilika, akaja mtu anaitwa Githongo na hatimiliki. Ploti ile ile. Yeye aliinunua kwa mtu, na yule mtu alipewa na wale wale walionipa mimi. Nilienda Kajiado ofisini na barua yangu. Karani akaigeuza geuza kama mtu anayeangalia kama samaki ameoza.

"Mzee, yako ni barua. Yake ni taitoli."

"Na hii barua ilitolewa na nani?"

"Aliyekuwa hapa."

"Yuko wapi?"

"Alipandishwa cheo."

Nilirudi nyumbani. Sikupigana. Kuna umri mtu anafika anaona hata hasira inataka nauli.

Shida ni kwamba Githongo hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ni rahisi, unamchukia unalala. Huyu alikuwa mnene, mcheshi, mwenye duka la mbao huko Ngong, na aliniambia pole kabla ya kuniambia niondoke. Gereji alinipa muda wa kuhamisha. Lakini kaburi nalo lazima litoke, akasema, kwa sababu mke wake Judy alikuwa amekataa kujenga nyumba yenye kaburi la mtu wasiyemjua uani. Waashi walikuwa wameshaitwa. Mawe ya ukuta yalikuwa yanashushwa na lori wakati ule ule tunaongea.

Halafu akaona injini zilizolala gerejini kwangu, akazisogelea.

"Fundi, wewe umewahi kugusa Datsun 240Z?"

"Nimezigusa nyingi. Zikitoka Safari Rally zilikuwa zinakuja kwetu zikiwa nusu."

Kumbe alikuwa na moja, ya baba yake, nyekundu ile ya zamani, boneti ndefu kama mdomo wa kongoni. Na alikuwa na kidonda: ndugu ya mkewe, kijana anaitwa Ngigi, alikuwa amenunua Subaru mpya ya turbo. Kila mkutano wa familia kwa wakwe zake Embulbul, Ngigi anasimama mbele ya ile Datsun na kuuliza, "Shemeji, hii ni gari ama ni kumbukumbu?" Na wazee wanacheka. Mtu anaweza kuvumilia mambo mengi lakini si kuchekwa mbele ya mama mkwe.

"Ukinipatia injini ya kumfunga mdomo Ngigi," Githongo akasema, "hiyo kona ya kaburi nakuachia. Kona yote. Tutaenda Kajiado pamoja tuikate iandikwe jina lako."

"Na Judy?"

"Judy niachie mimi."

Tukashikana mikono. Alitaka nguvu ya farasi mia tatu. Ile injini yake ya zamani haikuwa na hata nusu ya hao, na wengine walikuwa wameshazeeka.

Kazi yangu nilifanya na Isaac Parmuat, fundi wa kuchomelea, Mmasai wa Isinya, mtu wa makamo kama mimi. Asubuhi ananisalimia, "Sopa, mzee," namjibu, "Epa," na hayo ndiyo mazungumzo yetu mpaka chai. Bloku ya chuma, ule mwili wa injini wenye silinda, tulitoa kwa Nissan Cedric moja iliyokuwa imegongwa. Turbo aliileta Githongo ndani ya gunia kutoka kwa wauza spea wa Kirinyaga Road, Nairobi, ile konokono ya chuma inayozungushwa na moshi wa eksosi ili isukume upepo ndani ya injini. Ilikuwa ya lori. Nikamwambia ni kubwa. Akasema kubwa ndiyo anataka. Isaac akashona mabomba ya eksosi kwa kukata bomba nzito za kisima, kwa sababu bomba la kawaida lingeyeyuka kama mshumaa.

Injini ya turbo ina siri moja tu, na si siri. Hewa inaingia ikiwa imeshindiliwa tayari. Kwa hivyo ndani ya silinda lazima uiachie nafasi. Ukiibana sana, moto unalipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Nilipima nafasi hiyo, nikapima tena. Sikuwa napima kwa ajili ya Githongo.

Sasa huku kwetu bloku chafu hatuoshi na petroli, petroli ni ya matajiri. Tunachemsha. Unakata pipa, unajaza maji, unatupa magadi ndani, yale mawe meupe ya ziwa huko chini, yale yale akina mama wanatia kwa maharagwe yaive haraka. Unawasha kuni chini unaacha. Grisi ya miaka inavuka kama ngozi ya nyoka. Bloku inatoka imetakata kama sahani ya harusi.

Siku hiyo niliacha bloku ikitokota nikaenda Kajiado, kuuliza ofisini kama kona ya ploti inaweza kukatwa. Niliambiwa mwenye kujibu hilo swali yuko semina. Niliporudi, Isaac alikuwa amekaa kwa tairi, ameridhika, anakunywa maziwa. Mbele yake, juu ya gunia, kulikuwa na kitu cheusi.

"Isaac, hii ni nini?"

"Si ni ile hedi? Nimekuoshea. Ilikuwa chafu."

Hedi ndiyo kile kifuniko kinachokaa juu ya bloku na kufunga silinda zote. Na hedi yetu ilikuwa ile ile ya Datsun, ambayo si chuma. Ni alumini.

"Umeitia kwa magadi?"

"Pamoja na bloku. Kuni zilikuwa zinawaka bure."

Niliichukua. Uso wake, ule unaotakiwa kuwa laini kama kioo, ulikuwa na vishimo vishimo kama wa mtu aliyeugua ndui. Niliketi chini.

"Isaac, hujawahi kuona mama akipika maharagwe na magadi kwa sufuria ya alumini? Sufuria inakuwaje?"

"Mama yangu hakupika maharagwe. Sisi tunakunywa maziwa. Ni nyinyi Wakamba mmeoa maharagwe."

"Inakuwa nyeusi! Inaliwa mpaka inavuja!"

"Sasa mimi ningejuaje? Ng'ombe hana sufuria."

Siku nyingine ningecheka. Kavata isyo yake alipika kwa chungu cha udongo, na mtu akimletea sufuria anamfukuza nayo. Mtoto yeyote wa Ukambani anajua hilo. Lakini Isaac alikuwa mtoto wa ng'ombe, na chuma kwake ni chuma. Aliinama akaitazama ile hedi, kicheko kikamtoka usoni polepole, akasema, "Mzee, ni kaburi la mama, si ndiyo?"

"Ni hilo."

"Oi." Akaenda kuzima moto wa pipa.

Githongo alitafuta hedi nyingine Nairobi yote. Hazikupatikana. Na siku ya mbio ilikuwa imeshapangwa: Jumapili ya mkutano wa familia, Githongo ameshatamba mbele ya wakwe kwamba atashindana na Ngigi, na Jumatatu yake waashi wanaanza kuchimba msingi. Nikapeleka hedi kwa mashine ya kusawazisha, ikaparwa mpaka vishimo vikaisha. Lakini ukiipara inapungua, na ikipungua ile nafasi ndani ya silinda inapungua nayo. Ndiyo hiyo nafasi niliyokuwa nimeilinda kama mtoto. Kwa turbo ya lori, pistoni zingetoboka kabla ya gia ya tatu.

Basi nikawaza gasketi. Gasketi ni ile karatasi ngumu inayokaa kati ya bloku na hedi. Ya dukani ni nyembamba. Nikipata nene, nafasi inarudi. Na ya kustahimili moto ule ni shaba peke yake.

Mtu wa skrepu, anayeletewa vyuma chakavu mpaka kutoka mji wa Magadi, alikuwa anapita kila wiki na mkokoteni. Alikuwa na kipande cha tangi la maji moto lililong'olewa kwa nyumba ya zamani, shaba nzito, imekuwa kijani kwa chumvi na joto la huko. Nikaipiga ikanyooka, nikachora, nikakata na patasi na tupa mpaka vidole vikakataa kukunjika. Shaba ni kinyume cha chuma. Chuma ukikitia moto na kukizamisha majini kinakuwa kigumu, shaba inakuwa laini kama ngozi ya mbuzi. Wazee wetu walikuwa wanasuka mikufu ya shaba myembamba kama nywele, kwa hiyo labda iko kwa damu, sijui. Isaac ndiye alivukuta moto, jasho linamtoka, anaomba msamaha kwa kazi badala ya maneno.

Injini ikafungwa. Tukaiwasha. Mbwa wa Kitengela yote walibweka.

Lakini shaba ina ubaya wake, na huo nilimwambia Githongo waziwazi, uso kwa uso, Isaac akisikia. Shaba huzuia moto vizuri kabisa, lakini maji haizuii. Maji ya kupoza injini yatakuwa yanapenya kidogo kidogo kando ya zile tundu zake. Kwa mbio moja si neno. Kwa safari ni kifo.

"Utakimbia mpaka mwisho wa mbio, pale Bisil," nikamwambia, "ukifika unazima. Naifunga kamba naivuta na pikapu mpaka hapa. Halafu nitatafuta hedi nzima polepole, nikufungie injini ya kuzeeka nayo."

"Sawa, fundi."

"Niambie nimesema nini."

"Nimesikia, baba Mutheu!" Mutheu ni binti yangu, ameolewa Illasit. Alipoanza kuniita kwa jina la mtoto nikajua ananibembeleza. "Nikifika nazima. Mimi si mtoto."

Jumapili asubuhi tukaenda. Walikubaliana kuanzia nje ya mji wa Kajiado, kwa ile lami iliyonyooka ya kwenda Bisil, wakati malori ni machache. Githongo hakutaka uzito ndani ya gari, kwa hiyo Judy akapanda pikapu yangu, akabanwa katikati, mimi kwa usukani na Isaac dirishani, gauni lake la kanisa juu ya kiti chenye grisi. Nilitandika gazeti. Akasema asante. Tukatangulia ili tungoje mwisho.

Tukapita Kajiado. Halafu Judy akaniuliza, "Anaitwaje?"

Nilijua anauliza nani. "Kavata."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa na kifua. Ugonjwa wenyewe unatibika. Waliokuwa na funguo ndio hawakuwa na dawa."

Akatazama mbele. "Mama yangu mdogo pia. Waliandika presha. Haikuwa presha."

"Wanaandika yenye herufi chache," nikasema.

Isaac akacheka kidogo, halafu Judy.

Tulisimama juu ya kilima kidogo kabla ya Bisil, mahali ambapo unaona barabara yote nyuma yako kama kamba iliyolazwa. Mwanzo hakuna kitu. Halafu nukta mbili. Ya buluu ilikuwa mbele, mbele sana.

"Hiyo ni ya Ngigi," Judy akasema, na sikujua kama anafurahi.

"Ngojeni," nikawaambia. "Turbo kubwa huchelewa. Kwanza hakuna kitu."

Ile nyekundu ilikuwa inakuja kama gari ya mzee anayeenda kanisani. Halafu ikapata pumzi. Tulisikia kabla ya kuona, ule mluzi unapanda, unapanda, kama mtu anapasua shuka ndefu, na ile Datsun ikainua pua yake na kuja. Subaru ilikuwa kama imekanyaga gundi. Ilipitwa chini ya kilima, mbele ya macho yetu, na Githongo akapita tulipo mdomo wazi, anapiga honi, na Isaac anaruka juu juu, mkono umeshika mkuki ambao hauko, kama moran wa miaka kumi na minane.

Mimi sikuruka. Niliegemea pikapu. Nilisema tu kwa moyo, Kavata, utakaa.

Ngigi aliposhuka alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na miwani ya jua kichwani. Alizunguka ile Datsun mara mbili.

"Shemeji, leo umeomba sana."

"Sikuomba. Nilikanyaga," Githongo akamjibu. Akapiga paa la gari kofi. "Uliza fundi."

Mimi nilikuwa nimeshatoa kamba kwa pikapu. Ngigi akaiona, meno yakamtoka.

"Ni ya nini hiyo? Ati inavutwa? Gari imeshinda halafu inarudi na kamba kama ng'ombe wa mnada?" Akafungua mlango wa Subaru. "Mimi naenda Embulbul. Mama amepika, kuna mbuzi. Nitawaambia umeshinda, shemeji, usijali. Nitawaambia pia gari iko wapi."

Githongo alitazama kamba. Akatazama shemeji yake. Nikaona kila kitu usoni mwake kabla hajakifanya.

"Bwana Githongo," nikasema, nikasimama kwa dirisha lake. "Tulisema."

"Ni Embulbul tu, fundi. Nitaenda polepole."

"Maji hayajui polepole."

"Wazee wanangoja! Nikifika kwa kamba nimeshinda nini?" Na akawasha.

Tulimfuata. Pikapu yangu ni Peugeot 404, haifuati mtu, inakubali tu kwenda njia moja naye. Isinya tukakata kushoto, ile barabara ya changarawe ya Kiserian inayopanda panda. Judy alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kilima cha kwanza hayuko. Cha pili hayuko. Nikaanza kutumaini, na mimi nimejifunza kutotumaini. Kilima kilichofuata tukaona mvuke.

Datsun ilikuwa kando ya barabara, boneti juu, inapumua nyeupe. Githongo ameketi juu ya jiwe, shati limelowa. Nilienda nikainama. Hakuna haja ya kufungua injini iliyokufa kwa joto, unasikia harufu yake, kama pasi iliyoachwa juu ya nguo. Hedi ilikuwa imepinda. Pistoni zimekwama. Maji yote yalikuwa yamepita kando ya shaba yangu, kama nilivyosema.

"Umenipa injini ya kadibodi," Githongo akasema.

Nilishusha boneti.

"Naongea na wewe! Kazi gani hii? Mbio moja! Gari ya baba yangu!" Alisimama. "Basi hakuna kona. Mapatano yalikuwa injini, hii si injini. Kesho waashi wanaingia. Utatoa mtu wako."

Isaac alipiga hatua moja mbele. Nikamshika mkono. Niliketi pale kwa changarawe.

"Bwana Githongo," nikasema, "hata nikitaka kumtoa siwezi kwa kesho. Kumtoa mtu ardhini kunataka kibali cha afya, na cha korti, na sahihi ya chifu. Alipokuwa hai walikosa kidonge kimoja cha kumpa. Sasa amekufa, karatasi wanazo tele. Wewe ingia kwa hiyo foleni. Mimi nimechoka na foleni."

Upepo ulipita. Mbuzi walikuwa wanavuka barabara na hakuna mtu nyuma yao.

Judy ndiye alisema. Alikuwa amesimama kando ya pikapu, alama ya gazeti imebaki nyuma ya gauni lake.

"Baba Gathoni," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Mlikubaliana nini?"

"Wewe mambo ya gari..."

"Nimekuuliza. Mlikubaliana nini na huyu mzee?"

Githongo akapangusa uso. "Kumshinda Ngigi."

"Alishindwa ama hakushindwa?"

"Judy, angalia gari!"

"Naangalia. Ngigi ni ndugu yangu, nimembeba mgongoni, na leo asubuhi nimemwona anatazama mgongo wa gari yako. Huyu alikuambia uzime. Sote tulisikia. Ulikuwa unataka kupigiwa makofi na mama yangu, basi umepigwa na jua." Akavuta pumzi. "Na mimi ndiye ulinifanya kisingizio. Ati Judy amekataa kaburi. Nilisema sitaki kaburi ya mtu nisiyemjua. Huyo sasa namjua jina. Anaitwa Kavata. Mkimfukua mimi ndiyo sitaingia hiyo nyumba, ukae ndani na waashi wako."

Githongo alitazama milima ya Ngong kama inaweza kumsaidia. Halafu akaketi tena kwa jiwe lake, na tukawa wawili chini, yeye na jiwe lake, mimi na changarawe yangu.

"Fundi," akasema baadaye. "Ile pale Bisil. Umeiona?"

"Niliiona."

"Iliruka."

"Iliruka."

"Funga kamba," akasema.

Githongo aliwapa waashi siku moja ya kungoja, na Jumatatu tukaenda Kajiado, mimi na yeye, kukata kona. Karani alikuwa yule yule. Akasema kona ni ndogo mno, ramani haikubali kipande kama hicho. Akasema lazima bodi ikae. Bodi inakaa lini? Inategemea. Akasema pia kwamba kaburi si ploti. Githongo akapandisha sauti, akagonga meza, akataja watu wakubwa anaowajua, na yule karani akamtazama kwa uso ule ule alionitazama nao mimi, wa mtu anayengoja mvua iishe. Sikufurahi. Nilidhani siku hiyo nikiiona nitafurahi. Serikali imebadilika, picha ukutani imebadilishwa, karani ni yule na kiti ni kile. Nilimvuta Githongo mkono tukatoka nje.

Jumanne waashi wakaanza. Walinyoosha kamba yao ya kupimia kutoka pembe mpaka pembe, na ilipita juu ya simiti ya Kavata, kifuani hasa. Githongo akaja akasimama hapo, amevaa suti ya kwenda dukani kwake.

"Hapa pinda," akawaambia.

"Mzee, ukuta haupindwi hivi," mwashi mkubwa akasema. "Utakula mawe ya bure. Na watu watatucheka."

"Pinda. Unaingia ndani mpaka hapa, unazunguka, unarudi kwa mstari. Hii iache nje."

"Nje ni ya nani?"

Githongo akachora mstari kwa kiatu. Hakuna jibu lenye muhuri. Kwa ramani ile kona ni yake mpaka leo, na siku akifa watoto wake wanaweza kunyoosha ukuta na hakuna mahakama itawakataza. Hilo tunajua wote wawili. Alinipungia mkono, akaingia kwa gari la mkewe, akaenda kuuza mbao.

Nilikaa kwa rundo la mawe. Waashi walinung'unika, wakahamisha kamba, wakachimba, wakaweka jiwe la kwanza, la pili, wakaja upande wake wa miguuni, wakapinda, wakapita ubavuni, wakapinda tena kichwani. Isaac alileta chai kwa kopo, tukanywa tukitazama. Safu ya kwanza ilipomzunguka kote na kurudi kwa mstari, nikasimama, nikachukua nyundo ya kung'olea misumari, nikaenda kubomoa mabati ya gereji yangu.